Kombati Haikumzaa Jaji

Kuna wasifu wa msibani unaojiandika wenyewe. Marehemu alikuwa jaji, na kabla ya ujaji alikwenda vitani. Basi msemaji anayaunganisha mambo hayo mawili kwa "ndiyo maana". Aliona damu ikimwagika, ndiyo maana alithamini uhai wa mtu. Alizoea nidhamu ya jeshi, ndiyo maana hakuyumba mahakamani. Waombolezaji wanatikisa vichwa kukubali. Ni maneno mazuri, na sina shaka husemwa kwa mapenzi. Lakini ukiyapima kwa maisha ya majaji wenyewe, hayasimami.

Mchukue Ulric Cross, ambaye Tanzania ilipaswa kumkumbuka zaidi kuliko inavyomkumbuka. Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1917, akajiunga na Jeshi la Anga la Uingereza mwaka 1941. Akawa navigeta wa ndege za Mosquito katika kikosi cha 139. Ndege hizo ziliundwa kwa mbao, zikabeba watu wawili tu, rubani na navigeta, na zile za kudondosha mabomu hazikuwa na bunduki hata moja. Kinga yake ilikuwa mbio. Cross aliruka nazo mara 80 kwenda kwa adui, zaidi ya mara 20 zikiwa Berlin kwenyewe, na akapewa medali mbili kubwa za kijeshi, DFC na DSO. Alipofariki Oktoba 2013, akiwa na miaka 96, tanzia nyingi zilianzia hapo angani. Miaka yake ya mahakama za Afrika ilipata sentensi moja, kama kituo ambacho basi halisimami.

Hayo ya vita si madogo, na simwombi mtu ayafute. Ninachokataa ni ile "ndiyo maana". Kama mtutu ungekuwa chuo cha sheria, vijiji vyetu vingejaa majaji. Maelfu ya vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakapelekwa Bama (Burma) kupigana na Wajapani katika mvua na malaria. Waliorudi waliyaona yale yale anayosifiwa Cross kuyaona: kifo, woga, mwenzako anakufa ubavuni. Hakuna aliyewaambia kwamba sasa wanaijua haki. Wengi walirudi kwenye jembe na kodi ya kichwa. Tofauti yao na Cross haikuwa ushujaa. Yeye alikuwa amesoma sekondari nzuri, amefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mwanasheria kabla ya vita, na baada ya vita alipata nafasi ya kusomea sheria London, akaitwa kwenye uwakili mwaka 1949.

Mfano mkali zaidi uko Alabama, Marekani. Frank Johnson na George Wallace walisoma sheria chuo kimoja, miaka ile ile. Wote wawili wakaenda Vita Kuu ya Pili: Johnson askari wa miguu, akajeruhiwa Normandy, Wallace mhandisi ndani ya ndege za B-29 zilizoipiga Japani. Wote wawili wakawa majaji. Mwaka 1956 Johnson alikuwa mmoja wa majaji wawili kati ya watatu walioamua kwamba kuwatenga Weusi katika mabasi ya Montgomery ni kinyume cha katiba. Mwaka 1959 alimwamuru Wallace, jaji mwenzake wa ngazi ya chini, atoe kumbukumbu za wapigakura ambazo tume ya haki za raia ilizitaka na Wallace alikuwa akizikalia. Mwaka 1965 Wallace, sasa akiwa gavana, alijaribu kuzuia maandamano ya Weusi ya kutoka Selma kudai haki ya kupiga kura; Johnson akaruhusu yaendelee. Vita vile vile, chuo kile kile, na wakasimama pande mbili za mto. Atakayesema kwamba vita vilimfunza Johnson haki, atueleze vilimfunza nini Wallace.

Mtetezi wa wasifu wa msibani ana hoja moja yenye nguvu, na inamhusu Cross mwenyewe. Baada ya kuruka sana, alipewa kazi ya afisa uhusiano wa wanajeshi waliotoka makoloni, akawa anafuatilia kesi zao katika mahakama za kijeshi. Hapo, naam, jeshi lilimfundisha jambo. Lakini tazama ni jeshi lipi. Si lile la mabomu juu ya Berlin. Ni lile la mezani, ambako kijana Mweusi aliyevaa sare ile ile ya mfalme alisimama mbele ya maafisa wasiomjua wala kumpenda. Alichokiona pale kilikuwa udhalimu wa ofisini, na dawa yake ilikuwa utaratibu: nani yupo chumbani, nani anasikilizwa, nani anaandika. Hiyo ni kazi ya wakili. Haina medali.

Na ndiyo aliyoifanya baadaye. Alikwenda Ghana, kisha Cameroon, na mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, akaja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania hadi 1971, wakati Jaji Mkuu alikuwa Telford Georges, naye mtu wa Karibi. Zaidi ya kesi za kawaida, aliongoza baraza la kudumu la migogoro ya kazi lililoundwa kwa sheria ya mwaka huo huo wa 1967.

Baraza hilo ndipo mahali pa kumtafuta, na si mahali pepesi pa kusifia. Sheria ilikwisha kuufanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu, NUTA, nacho kilikuwa ubavuni mwa serikali. Mfanyakazi aliyetaka nyongeza alikuja mbele ya baraza lililotakiwa kupima ombi lake pamoja na mahitaji ya uchumi wa taifa zima. Serikali ililiona kuwa busara ya nchi maskini. Kwangu mimi, kumwondolea mtu mgomo kisha kumpa meza ya kuombea ni kumpa nusu ya haki, hata meza ikiongozwa na mtu safi kiasi gani. Je, Cross aliinyoosha sheria ile kumwelekea mfanyakazi pale ilipokubali kunyooka, au aliiacha kama alivyoikuta? Safari 80 za Ujerumani haziwezi kulijibu swali hilo. Hukumu zake zinaweza, na baadhi ya zile za Mahakama Kuu zilichapishwa kwa muhtasari katika juzuu za miaka ile. Wanafunzi wetu wa sheria wangezifungua wakabishana naye, angekuwa ameheshimiwa kuliko alivyoheshimiwa na tanzia zote zile za angani.