Gari la Baba Halikuzaliwa Ufaransa

Mama alilizunguka gari mara mbili kabla ya kusema lolote. Nilikuwa nimemaliza miezi kumi na minne, na fedha nisizopenda kuzihesabu, kulirudisha Peugeot 504 la marehemu baba kwenye hali ya "orijino". Rangi ilikuwa nyeupe ileile ya kwenye katalogi, bampa zimetiwa kromu upya na viti vimeshonwa upya. Mama alipofika nyuma akaweka kiganja juu ya mlango wa buti, akauliza, "Hili ni la nani?"

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akitafuta maandishi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini mlango ule ulikuwa na maneno HABA NA HABA, mekundu yenye kivuli cha buluu. Yaliandikwa kwa mkono na mchoraji wa Kongowea, aliyelipwa nusu kwa pesa taslimu na nusu kwa safari za bure kwenda kwao. Baba alibeba abiria kati ya Mombasa na Malindi, kilomita mia na ishirini hivi, tangu siku ambazo gari lilingoja kivuko pale Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Lilikuwa lile Pijo refu la safu tatu za viti, na haliondoki mpaka lijae. Abiria huja mmoja, kisha wawili, kisha mama na kuku wake. Ndiyo haba na haba. Kwa hiyo stendi nzima ililiita Kibaba.

Mimi maandishi yale niliyakwangua kwa msasa, asubuhi moja tu. Niliyakwangua kwa sababu watu nisiowajua, walio katika miji nisiyowahi kukanyaga, waliniambia mtandaoni kwamba gari haliwezi kuitwa limekarabatiwa mpaka "uchafu" ule utoke. Nikawaamini. Nikawatumia hata picha ya mlango mtupu, wakanipongeza kwa vidole gumba thelathini na kitu.

Nina neno na watu hao, na nina neno na sisi vijana wa huku tunaowafuata. Ila ijulikane tangu mwanzo kwamba mshika msasa nilikuwa mimi.

Tuanze na hilo neno "orijino", kwa maana siku hizi limekuwa rungu. Ukiweka picha ya gari lako la zamani, hazipiti dakika kumi kabla hajatokea mtu kukuhesabia dhambi. Taa za pembeni si za mwaka huo. Kerea ya juu haikuwepo. Springi zimenyanyuliwa. Usukani si wake. Kipimo chake ni gari lilivyotoka kiwandani Ulaya, siku ya kwanza, likiwa halijabeba mtu wala gunia.

Lakini gari la baba halikutoka kiwanda cha Ulaya. Peugeot 504 ilizinduliwa Paris mwaka 1968, ni kweli, na mwaka uliofuata ikatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Baada ya hapo ikawa gari letu. Zilijengwa Kaduna, Nigeria, na zilijengwa hapa hapa Mombasa, zikiunganishwa na mikono ya watu waliokuwa wakirudi nyumbani jioni kula wali wa nazi. Ove Andersson aliendesha 504 akashinda Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena mwaka 1978 na 504 ya injini ya V6. Ushindi ule ulipatikana kwenye matope na vumbi la barabara zetu. Kiwanda kiliacha kutengeneza saluni za 504 Ufaransa mwaka 1983, lakini hapa kwetu magari hayo yaliendelea kupeleka watu mazishini, harusini na hospitalini kwa miaka mingi.

Sasa niambieni: historia ya gari hilo iko wapi? Iko kwenye picha ya tangazo la 1970, au iko kwenye kerea iliyochomelewa ili magunia ya machungwa yapate pa kukaa? Nasema kerea ile ni hati. Kiraka cha chuma chini ya kiti cha dereva ni hati. Jina lililoandikwa nyuma ni hati, tena ni hati yenye saini. Anayevikwangua vyote ili gari lifanane na la Lyon anachoma nyaraka, kisha anajipiga picha mbele ya majivu.

Mtu ataniambia hilo ni suala la hisia tu. Basi tuingie kwenye injini, mahali ambapo hisia hazisaidii.

Pijo hizi zilikuja na feni ya sumaku. Injini ikiwa ya baridi, feni inajiachia. Joto likipanda, swichi inapeleka umeme, sumaku inaikamata feni, nayo inazunguka. Ni ubunifu mzuri, unaopunguza kelele na kuokoa petroli kidogo. Lakini inategemea swichi nzima, brashi ya kaboni nzima na waya mzima. Miaka mingi iliyopita, fundi wa baba pale Changamwe aliifunga feni ya Kibaba kwa boliti ili izunguke muda wote. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Alifanya hivyo kwa sababu analijua joto la Mombasa mwezi wa pili na anaijua foleni ya malori yanayotoka bandarini.

Mtandaoni wakaniambia hiyo ni kazi ya kienyeji. Wakanitumia video, nayo ilipigwa vizuri, ndani ya gereji safi ambayo dirishani palionekana theluji. Nikamwambia Fundi atoe boliti. Akaniangalia, akafuta mikono na kitambaa, akasema, "Mwanangu, huko wanaogopa injini isipoe mno. Sisi hapa twaogopa nini?" Sikumjibu. Nilishaagiza swichi mpya kutoka ng'ambo.

Swichi ilikufa wiki ya tatu. Nilikuwa Kibarani, katikati ya malori, mbele hakuendeki na nyuma hakurudiki. Nilipouona mshale wa joto, mvuke ulikuwa umeshatoka chini ya boneti. Silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikichemka hupinda. Gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Gari lililobeba abiria wa Malindi kwa miongo likavutwa kwa kamba mpaka Changamwe, likiwa orijino kabisa.

Fundi hakunicheka. Alifungua injini, akaipeleka hedi ikasawazishwe, kisha akaanza kukagua slivu. Slivu za injini hii hukaa ndani ya maji yenyewe, na sharti zichomoze juu ya bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, zote sawasawa, la sivyo gasketi haishiki. Nilikuwa nimeona mtandaoni kifaa chenye saa ya kupimia, nikamwonyesha. Akasema ni kizuri, kama ninacho nikilete. Sikuwa nacho. Akapitisha rula ya chuma, kisha ukucha wa kidole gumba, taratibu, kutoka slivu ya kwanza mpaka ya nne. Akarudi ya tatu. "Hii iko chini." Tukaitoa, tukakuta muhuri wa chini umejikunja. Injini hiyo haijanisumbua tena.

Hapa msinielewe vibaya. Sikuja kuuhubiri ujima. Kitabu cha warsha cha 504, chenye kurasa ambazo Fundi hakuwahi kuziona maishani mwake, nilikipata kwenye intaneti, bure. Nilipomfungulia ukurasa wa mpangilio wa kukaza boliti za hedi, aliniomba nikuze picha, akaisoma mara mbili, akasema, "Hapa nimekuwa nikikosea." Mzee wa miaka sabini na ushei alisema hivyo mbele ya wanafunzi wake. Pampu ya maji niliyoikosa Nairobi kuanzia Kirinyaga Road mpaka Gikomba niliipata kwa ujumbe mmoja wa simu. Chombo hiki kingeweza kuwa neema.

Ubaya ni namna tunavyokitumia. Maarifa yanakuja huku yakitoka kule, lakini ya huku hayaendi popote. Sisi ndio wanafunzi wa kudumu. Ni nani aliyepiga video ya ukucha wa Fundi? Mimi mwenyewe nilikuwa na simu mfukoni, na niliitoa pale tu gari lilipokuwa na rangi mpya. Tunaonyesha kabla na baada, lakini ile katikati, ambamo kazi imo, tunaikata kwa sababu haina mvuto. Kisha tunashangaa kwamba ufundi unakufa.

Na huku tukipeana vidole gumba, soko linatupita mbio. Zamani mtu mwenye Pijo bovu uani angekuuzia kwa bei ya jirani kwa jirani, au angelipeleka kwenye mizani ya chuma chakavu. Leo anafungua simu, anaona 504 iliyokarabatiwa inauzwa kwa yuro huko Ulaya, anazidisha kwa kiwango cha siku, halafu anakutajia bei hiyo kwa bodi lililoota mti katikati. Simlaumu, kwani ni haki yake kujua thamani ya mali yake. Lakini bei ile ni ya gari zima linalotembea, lenye karatasi, katika nchi yenye wanunuzi. Matokeo yake hauzi wala hatengenezi, na mvua ya masika inaendelea kula sakafu.

Mbaya zaidi ni kuchinja magari. Kijana anapata Pijo linalowaka, anagundua kwamba saa za dashibodi, taa, kabureta na nembo zikiuzwa kipande kimoja kimoja kwa wageni zinaleta fedha kuliko gari zima. Analifungua na kulituma kwa vifurushi. Nawaelewa wenye njaa. Siwaelewi wenye mishahara, wanaojiita wapenzi wa magari ya zamani, huku wakiwa mawakala wa biashara hiyo. Kumbukeni kwamba mlango huu unafunguka upande mmoja tu: kanuni za Kenya, kwa kawaida, haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kinachotoka hakirudi. Wajukuu zetu wakitaka kuliona gari lililoundwa Mombasa watakata viza.

Najua jibu litakalotolewa: bila mtandao magari haya yangeshakuwa nondo. Huenda. Lakini wapenda magari wengi ninaowajua walianza kwa kumsikia mzee akiwasha gari asubuhi, hawakuanza kwa kuona picha. Na yaliyobaki yakitembea yametunzwa na watu kama Fundi, kwa waya, kwa mabati ya mapipa, na kwa spea za magari mengine zilizokatwa zikakubali. Mtandao umeyakuta hai. Usijipe sifa za mkunga.

Basi ninataka nini? Ninataka tuanze kwa kulipa. Ukienda kwa fundi mzee ili akufundishe, mlipe siku yake ya kufundisha kama unavyolipa kozi ya mtandaoni kwa kadi. Ninataka video zetu zionyeshe mikono inayofanya kazi, na ziseme ni mikono ya nani, kwa ridhaa yake. Ninataka kabla ya msasa kugusa bodi, mwenye gari apige picha kila kiraka na kila neno, na aulize nyumbani nani alikiweka na kwa nini. Na ninataka tuyaendeshe. Gari la zamani linalosubiri maonyesho chini ya turubai ni fanicha. Mashindano ya Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yanatuonyesha kwamba magari haya bado yanaweza kula vumbi, na ndiko yanakopendeza.

Mimi nimeanza kuchelewa. Kila Jumamosi naenda Changamwe na daftari, simu na bahasha ya malipo. Macho ya Fundi yameingia ukungu. Anafanya kazi kwa vidole na masikio. Juzi alinishika mkono, akaweka ukucha wangu juu ya bloku, akaniuliza nasikia nini. Nikasema sisikii kitu. Akasema, "Rudia."

Feni imefungwa kwa boliti tena. Mlango wa nyuma bado ni mweupe. Mchoraji wa Kongowea alishafariki, na kijana mmoja amejitolea kuyachapa maneno yale kwa stika, kwa kuangalia picha ya zamani. Mama amekataa. Anasema gari likianza tena kubeba watu, jina litakuja lenyewe. Jumapili iliyopita alikaa kiti cha mbele, akawaita majirani wawili na wajukuu watatu, akaniambia nisiondoke kwanza, bado kuna nafasi.