ADHABU ZA GIZANI HAZIJENGI JESHI

Jeshi lisilo na nidhamu ni kundi la watu wenye silaha, na hapana mwananchi wa visiwa hivi anayehitaji kufundishwa jambo hilo. Swali ni kwa njia gani nidhamu hiyo ipatikane. Linawahusu wakuu wa vikosi, na linawahusu wazazi wa Unguja na Pemba wanaowatoa vijana wao kwenda makambini.

Katika kila jeshi ziko adhabu za aina mbili. Ya kwanza imeandikwa katika sheria: askari husomewa shitaka, husikilizwa, na hukumu yake huwekwa katika kumbukumbu. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 kwa kazi hiyo. Ya pili haikuandikwa popote. Koplo humwamuru kuruta aruke kichura, au akimbie na mzigo mgongoni, yakaisha hapo hapo.

Hatusemi kwamba aina hii ya pili ni mbaya daima. Aliyechelewa gwaride hastahili kushitakiwa. Mbio fupi humtosha, na jina lake halipati doa la kudumu. Ubaya ni kwamba adhabu isiyoandikwa haina mpaka wala shahidi. Aliyeitoa leo kwa busara aweza kuitoa kesho kwa hasira, na kamanda wake asijue mpaka maafa yatokee.

Maafa ya namna hiyo yalitokea Marekani, katika kambi ya Parris Island. Usiku wa tarehe 8 Aprili, 1956, sajini mmoja aliwaongoza makuruta zaidi ya 70 kuingia katika mkondo wa maji uitwao Ribbon Creek. Nia yake ilikuwa kuwatia adabu. Sita wakafa maji. Jenerali Lewis Puller, kamanda mashuhuri, alikwenda mahakamani kutoa ushahidi upande wa sajini. Hata hivyo alitiwa hatiani kwa uzembe uliosababisha vifo, akavuliwa cheo. Baada ya hapo maofisa waliwekwa karibu zaidi kuwasimamia wakufunzi. Kikosi hicho hakikulegea. Mafunzo yake yangali yakijulikana kwa ugumu.

Historia yetu wenyewe nayo ina funzo. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa maofisa wa Kiingereza. Utii wao wa gwarideni, uliorithiwa kutoka jeshi la kikoloni, haukuwazuia. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jina hilo lilibeba wazo kubwa: askari ni mwananchi, na mwananchi haongozwi kwa kutishwa tu.

Wazo hilo lina uzito zaidi leo. Kuruta wa siku hizi amekwenda shule na amezoea kuuliza sababu. Mkubwa anayemweleza hapungukiwi na heshima. Saa ya hatari haina nafasi ya maelezo. Hapo amri hutiiwa mara moja na askari aliyekwisha kumwamini kiongozi wake. Anayemwogopa tu hutii akiwa anatazamwa.

Wapo watakaotukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini akikunjwa kwa pupa huvunjika, na anayepokea maiti ni mzazi.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vikosi vyote, vya Muungano na vya Serikali ya Mapinduzi, wahakikishe mambo matatu. Kwanza, mipaka ya adhabu ndogo iandikwe, na kila koplo na kila kuruta aijue. Pili, adhabu itolewayo iandikwe katika daftari linalokaguliwa na ofisa. Tatu, kuruta awe na mtu wa kumpelekea malalamiko asiyekuwa yule aliyemwadhibu.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji wakuu watakaokwenda wenyewe viwanjani, hasa baada ya jua kutua, kuona yanayotendwa kwa jina la nidhamu.