Mlezi wa Watoto Asomeshwe na Umma

Wahenga walinena kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii huelekezwa kwa mzazi. Leo twaielekeza kwa Serikali, kwa kuwa maelfu ya watoto wa Kenya hushinda mikononi mwa mwalimu wa chekechea au mlezi wa kituo cha watoto. Je, mlezi huyo naye amesomeshwa na nani?

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 haina utata. Kifungu cha 53 champa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Jedwali la Nne likagawa kazi: chekechea na vituo vya kulelea watoto vikapewa kaunti; vyuo vikuu na vyuo vingine vya elimu ya juu vikabaki kwa Serikali ya Kitaifa. Lakini tazama alipoangukia mwalimu. Watoto anaowafunza ni wa kaunti. Chuo anachopaswa kusomea si cha kaunti. Mwaka 2025 ufa huu ulidhihirika, Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti zisitoe basari kwa wanafunzi walio chini ya Serikali ya Kitaifa pasipo mapatano baina ya serikali hizo mbili. Suala hilo likafika mahakamani. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Dhuluma hii haikuanza jana. Kwa miongo mingi chekechea zilijengwa kwa harambee, nyingine zikakaa katika kumbi za makanisa, na ujira wa mwalimu ukatoka mifukoni mwa wazazi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, chekechea iliachwa nje. Ugatuzi umewaingiza walimu wengi katika orodha ya mishahara ya kaunti, lakini wengi wao wamejisomesha wenyewe: wakifundisha muhula mzima, wakisoma wakati wa likizo. Mlezi wa kituo cha binafsi huko Mathare au Mukuru hana hata mshahara huo wa kaunti wa kuutegemea.

Wapo wasemao kwamba kulea ni kipaji cha akina mama, hakihitaji cheti. Twawajibu kwamba upendo pekee haumwezeshi mtu kumtambua mapema mtoto asiyesikia vyema au aliyedumaa kwa utapiamlo. Wengine watatuelekeza kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo ni deni, na deni humfaa atarajiaye mshahara wa kulilipa.

Kwa hivyo twadai mambo matatu. Kwanza, serikali hizi mbili zitie sahihi mapatano chini ya Kifungu cha 187, ili kaunti iweze kumlipia mwalimu wake karo ya chuo bila kuvunja sheria. Pili, Bunge litenge ruzuku ya kazi hiyo kwa mujibu wa Kifungu cha 202, kinachoruhusu kaunti kupewa fedha za ziada zenye masharti. Tatu, kila bunge la kaunti litunge sheria ya ufadhili: walezi wa vituo vya binafsi katika mitaa ya mabanda wasiachwe nje, majina ya wanaofadhiliwa yabandikwe hadharani, na kila aliyesomeshwa aitumikie jamii kwa muda uliowekwa. Pasipo masharti hayo, ruzuku itageuka kuwa zawadi ya wakubwa kwa jamaa zao.

Sheria yataka mkakati wa fedha wa kaunti ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kifungu cha 201 chataka mwananchi ashirikishwe. Wanaharakati, hudhurieni vikao hivyo mkiwa na madai yaliyoandikwa. Nanyi waumini ambao makanisa yenu yana chekechea, fuataneni na walimu wenu, waseme kwa vinywa vyao. Haki iliyoandikwa katika Katiba haijitekelezi yenyewe.