Kung'oa jino ni dakika, kuzoea meno ya bandia ni miezi

Ukipita kliniki ya meno asubuhi ya siku ya kazi, utawakuta kwenye benchi watu walioshika shavu. Wengi wataondoka na jino pungufu. Si kwamba daktari anapenda kung'oa. Mgonjwa amefika akiwa hajalala siku tatu, jino limeoza hadi ndani, na kutibu mzizi kunataka picha ya eksirei, kurudi zaidi ya mara moja na fedha ambazo hakuja nazo. Kung'oa kunamaliza shughuli siku hiyohiyo.

Shida huja baadaye. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tumezungumza sana juu ya dawa, uzazi, figo na saratani. Kinywa hutajwa mwishoni, kikikumbukwa. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, na kwamba miongoni mwa wenye miaka 60 na kuendelea, takriban 23 katika kila 100 hawana hata jino moja. Bima inayomlipia mzee kung'olewa meno kisha ikamwacha atafune kwa fizi, kwa maoni yangu, imemlipia nusu ya matibabu. Kwa hiyo kabla hujakalia kile kiti, uliza kifurushi chako kinalipia nini: kuziba, kutibu mzizi, meno ya bandia, au kung'oa peke yake? Jibu hilo linaweza kubadili uamuzi wako.

Na uamuzi wenyewe ni mzito kuliko unavyodhani. Wapo wagonjwa wanaochoshwa na jino moja baada ya jingine hadi wanamwambia daktari, "Toa yote, niwekee ya bandia nipumzike." Usikimbilie huko. Meno ya bandia ya juu hushikiliwa na kaakaa, ambalo ni pana, na mate husaidia kuyanata. Ya chini hayana bahati hiyo. Yamekaa juu ya ukingo mwembamba wa fizi, ulimi unayasukuma huku, shavu linayasukuma kule. Ndiyo maana mtu anaweza kukusifia ya juu na kukulalamikia ya chini mwaka mzima. Ukiwa na meno mawili au matatu mazima chini, hayo ni vigingi vya kufungia. Muulize daktari kama yanaweza kubaki.

Jambo jingine ni mfupa. Jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kusinyaa, na kasi yake huwa kubwa miezi ya mwanzo. Ukipimwa kinywa fizi ikiwa bado imevimba, meno yatakukaa vizuri leo na kucheza baada ya muda. Madaktari wengi husubiri wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi. Inawezekana kuwekewa siku ileile ya kung'oa, hasa kwa meno ya mbele, lakini ujue mapema kwamba yatahitaji kurekebishwa upande wa ndani au kutengenezwa upya, na ulizia gharama hiyo ikiwa bado mnapatana bei. Fundi wa mtaani anayekuahidi meno ya maisha bila kukagua fizi zako, muage kwa heshima.

Siku ya kung'oa, mweleze daktari kama una kisukari, shinikizo la damu au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usiziache dawa hizo kwa uamuzi wako. Uma pamba kwa nusu saa hivi, usisukutue wala kuvuta sigara kwa saa 24. Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa ukali siku ya tatu, rudi kliniki.

Sasa meno mapya yamefika. Wiki ya kwanza kinywa kitajaa mate na maneno yenye "s" na "f" yatatoka kwa mluzi. Soma gazeti kwa sauti, hata hili, kila siku. Anza na wali laini, ndizi za kupika, samaki, ugali uliolowa mchuzi. Tonge dogo, na utafune pande zote mbili ili yasibinuke. Mahindi ya kuchoma na miwa viache kwanza. Usiku yavue, yapige mswaki kwa sabuni na maji ya kawaida, yalaze ndani ya maji. Ya moto sana huyapinda.

Yakikuchubua, usichukue tupa wala wembe. Watu wanafanya hivyo na kuharibu kitu cha bei. Rudi kwa aliyekuwekea, na siku moja kabla yavae ili alama ya kidonda ionekane. Marekebisho mawili au matatu ni kawaida, kwa hiyo usione aibu kurudi. Wazee hasa huona wanasumbua. Wanayafunga kwenye leso, wanayaweka kabatini, wanarudi kwenye uji. Kama ni mzazi wako, chungulia sahani yake: nyama na mboga ngumu zinapobaki kila siku, muulize juu ya meno.

Nawe mwenye watoto, gego la kwanza la ukubwani huota karibu na umri wa miaka sita, nyuma ya yale ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani ni la utotoni, wanaliacha lioze wakisubiri litoke lenyewe. Halina mbadala nyuma yake.

Kidonda chini ya meno ya bandia ambacho hakijapona kwa wiki tatu, hata kama hakiumi, kinatakiwa kuangaliwa na daktari. Nenda na meno yako.