Wenye Magari, Barua Hii Ni Yenu

Birmingham, Uingereza

Ndugu zangu wa Dar es Salaam,

Nawaandikia kwa sababu ya mazungumzo ya kundi letu la familia. Kila ikirushwa picha ya ajali ya bodaboda, hukumu inatoka kabla majeruhi hajafikishwa Muhimbili. Mjomba anasema bangi. Shemeji anasema leseni za kununua. Sijamsikia hata mmoja akiuliza mwenye gari alikuwa anatazama wapi.

Sikatai kwamba vijana wanachomekea, wanaingia njia ya mwendokasi na kupakia mishikaki. Hayo mnayaona kila siku, hamhitaji mtu wa Birmingham awasimulie. Lakini mimi mkate wangu ni kuendesha basi, na nasema na ninyi mnaoshika usukani. Kwenye makutano, pikipiki hugongwa mara nyingi na dereva aliyetazama kabisa upande ilikotokea, na bado asiione.

Wala hasingizii. Ile nguzo iliyo kando ya kioo cha mbele inatosha kuificha pikipiki nzima, na ikitokea mwendo wenu umelingana, itaendelea kufichika humo humo mpaka mnakutana. Hata ikionekana, kwa mbele ni nyembamba. Inaonekana kama haisogei, mara imeshafika. Ndiyo maana mtu anakata kulia kuingia Sinza akiamini nafasi anayo. Dawa yake ni ya bure: unapochungulia, sogeza kichwa mbele na nyuma ili nguzo isikufiche kitu, halafu tazama tena kabla hujaachia breki. Uingereza imewahubiria wenye magari somo hili tangu miaka ya 1970, na mabango ya kuwakumbusha pikipiki bado yapo barabarani.

Kuna suala la taa. Noah ambayo taa yake ya kulia imekufa, ikija usiku Barabara ya Bagamoyo, anayetoka mbele yake anaona taa moja na kudhani ni pikipiki iliyo kandokando. Anapanua kidogo kulipita lori, kumbe ubavu wa gari uko gizani, upande wake. Balbu haihitaji mkopo wa benki, jamani.

Na milango. Kitabu cha kanuni za barabarani cha huku kilirekebishwa 2022, kikaongeza ushauri mdogo ninaoupenda sana: fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Usukani wetu uko kulia kama wao, kwa hiyo dereva atumie mkono wa kushoto. Mkono ukivuka kifua kwenda kwenye kitasa, bega linageuka lenyewe na macho yanaangukia nyuma, kule anakotoka kijana wa watu na abiria wake. Anayeshuka upande wa kushoto atumie wa kulia. Wafundisheni na watoto.

Msidhani huku ni peponi. Vijana wanaopeleka chakula majumbani kwa pikipiki za cc 125, ukubwa ule ule wa bodaboda zetu nyingi, wanakimbia vilevile kwa sababu wanalipwa kwa mzigo. Wengi bado wana kibao cha herufi L cha mwanafunzi. Mafunzo yao ya lazima, yaliyoanza 1990, yanaweza kumalizika kwa siku moja, na cheti chake kinadumu miaka 2. Si mengi. Tofauti ni kwamba mwenye L haruhusiwi kupakia abiria. Kwetu aliyefundishwa na rafiki yake kwenye uwanja wa shule Jumamosi, Jumatatu anampakia mama mwenye mtoto mgongoni.

Sasa niwaguse wenye pikipiki za mkataba, na baadhi yenu mko huku huku ughaibuni. Kijana anatakiwa alete hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Saa kumi na mbili akiwa hajaitimiza, mnategemea aendeshe vipi? Tajiri anapiga simu kuulizia hela. Kuhusu tairi lililokwisha kashata, kimya. Vioo vya pembeni vimeng'olewa ili pikipiki ipenye kwenye foleni, naye anajua, na kimya. Huyo ana sehemu yake katika ajali hata kama hajawahi kukanyaga gia.

Shangazi, nakuheshimu sana, lakini kwenye helmeti hapana. Unasema ya bodaboda inanuka jasho la watu na inaharibu nywele. Basi nunua yako, uibebe kwenye mfuko. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ufunge na mkanda chini ya kidevu, maana isiyofungwa hutangulia yenyewe barabarani. Na iliyowahi kugonga lami usiivae tena: povu la ndani likishabonyea, kazi yake imekwisha hata kama ganda linang'aa.

Kaka, wewe wa Tegeta unayetoka alfajiri na taa moja, badilisha balbu kabla ya Jumapili. Na ninyi matajiri wa mkataba, andikeni helmeti mbili na vioo viwili ndani ya huo mkataba, na siku ya mvua kubwa pokeeni nusu ya hesabu.

Ndugu yenu,
Dereva wa basi