Tusiuzishe tronsoneze za zamani kwa kilo



Katika mkutano mkuu unaokuja kuko neno moja ambalo limekwisha kugawanya watu hata halijafika mezani. Zile tronsoneze tatu za zamani zilizolala katika depo, nyuma ya mifuko ya karanga, tuziuzishe kwa mnunuzi wa vyuma ama tuziache? Mnunuzi amekuja mara mbili na mizani yake. Anapima kwa kilo, analipa palepale. Wengi wanasema: "Achukue! Zinajaza fasi bure. Yale makuta tutaongeza juu ya michango, tununue mashine mpya."

Sisi tunakataa, na tunaomba mutusikilize mbele ya kupiga kura.

Sisi ni kundi dogo la wamemba hapa Buleusa. Kila Siku ya Mungu, kisha ibada, tunatandika hema iliyochakaa chini ya barza na kufungua mashine zilizokufa. Hakuna anayetulipa. Nyumbani wanatucheka: "Munacheza na vyuma kama watoto na magari ya miti." Ni kweli, tunacheza. Mashine ambayo haijalia miaka mingi ikikohoa mara moja na kutoa moshi, mioyo yetu inaruka, na hata jirani aliyekuwa anatucheka anatoka kuangalia. Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani, Ulaya na Australia kuko watu ambao kazi yao haiko ya kukata miti kabisa, lakini wanakusanya tronsoneze za miaka ya 1950 na 1960, wanazipangusa, wanazipaka rangi yake ya kwanza, kisha wanakutana ili kuziwasha tu, wasikie sauti. Sisi hatuna makuta ya rangi. Lakini ugonjwa ni ule ule.

Sasa tuziangalie hizo tatu zenyewe. Mbili ni Stihl 070, na ya tatu ni kaka yao, 090, zote za Ujerumani. Silinda ya 070 iko ya sentimeta za ujazo 106, na ya 090 iko ya 137. Mulinganishe na piki inayobeba watu wawili na mfuko wa maharagi katika njia zetu: nyingi ziko za 125. Maana yake, kile chuma tunachotaka kuuzisha kwa bei ya sufuria kiko na mota ya kulingana na ya piki, ama hata kuipita.

Tena ziko mashine ambazo zilitengenezwa kwa miaka mingi bila kubadilika sana. Kipande cha moja kinaingia katika nyingine. Kwenye maiti tatu unapata mzima mmoja, na Mungu akisaidia, wawili. Moto wa hizi zetu unatoka kwa platine, si kwa kisanduku kilichofungwa ambacho kikikufa unatupa. Platine unaisugua kwa msasa laini, unapima nafasi yake, na kwa nyingi za zamani nafasi hiyo ni kama milimeta 0.3 mpaka 0.4. Hatuna kifaa cha kupimia. Tunakunja karatasi tatu ama nne za kaye ya shule, tunapitisha katikati. Inatosha.

Na zile mpya? Mpya ya kweli, kutoka kwa mwenye jina, bei yake inapita ya ng'ombe. Makuta tuliyo nayo yatatupatia kopi. Tumefungua kopi nyingi pale chini ya barza, na tunajua kilichomo: chuma laini, visi vinavyokatika mara ya pili kufungua, silinda inayobanduka ndani kama ganda la muhogo. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba kipande cha kopi ya mwaka huu hakiingii katika ile ya mwaka jana. Ikifa, inakufa peke yake, haiachii wenzake kitu. Katika depo zetu kuko pampu, mashine za kusaga na vinyunyizio vilivyokuja vipya na sherehe, vikanyamaza kwa kukosa kitu kidogo kama joenti. Je, tunataka kuongeza kimoja tena?

Hatusemi kila kipya ni kibaya. Kwa neno moja mashine mpya zinazishinda za zamani, nalo ni usalama. Breki ya mnyororo ilianza kuenea katika miaka ya 1970, na nyingi za aina ya hizi zetu hazina. Mnyororo ukigonga kitu kwenye ncha ya upanga (tunaita upanga kile chuma kirefu ambacho mnyororo unazungukia), mashine inaruka juu kumfuata mwenye kuishika, na hakuna kitu cha kuisimamisha. Pia zinatetemesha mikono sana. Mtu akipasua mbao kutwa nzima kwa miaka, vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi ya baridi. Kwa hiyo, yeyote atakayezishika asishinde nazo kutwa nzima, asikate akiwa juu ya mti, na asivae sandali. Tukiona mtu mwenye kunuka kasiksi anaomba ufunguo wa depo, jibu liwe hapana, hata akiwa ni prezida.

Wengine wanauliza kwa nini zilikufa kama ni nguvu hivyo. Hazikufa kwa kazi. Zilizikwa. Wakati wa kukimbia, wenye nazo walizifunga katika mashashi na kuzitia udongoni, kama wengine walivyozika masufuria na mashine za kushona. Walifanya vizuri, maana kilichobaki juu kilibebwa. Lakini udongo wetu haukauki, na maji yalipita. Pistoni ilishikana na silinda kwa kutu. Huu ni ugonjwa unaopona: unafungua buji, unamimina mazutu kidogo katika tundu lake, unaacha siku tatu, ama juma nzima, kisha unasukuma polepole kwa mkono. Usipige nyundo. Tumeona vijana hodari wakipoteza silinda nzima kwa kukosa subira ya siku mbili.

Pistoni ikitembea, swichi ikiwa imezimwa, inua mashine kwa kamba yake ya kuwashia. Ikishuka polepole kwa kusitasita, bado inashika hewa. Ikianguka kama mfuko wa mihogo, segmenti zimekwisha. Moja ya zile 070 ilisitasita vizuri sana. Ya pili ilianguka. Ile 090 bado imeshikana. Iko katika juma lake la mazutu.

Kuko na jambo ambalo mnunuzi wa vyuma hawezi kuwaambia. Nyumba za mota za tronsoneze nyingi, na hizi zetu pia, zilitengenezwa kwa chuma chepesi kinachoitwa magnesiumu. Kinafanana na aluminiumu kwa macho, na watu wanaoyeyusha vyuma ili kufanya masufuria wanavichanganya. Magnesiumu ikishika moto inawaka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho, na ukiimwagia maji moto unazidi. Kama mtu wa kijiji chetu atakuwa kwenye lile jiko, tutakuwa tumeuzisha ajali kwa kilo.

Sasa tufike kwa neno la ba mama, ambalo kwetu ndilo zito. Mama mmoja alisimama katika kikao cha kwanza akasema: "Munaponyesha mashine ili msitu ufe." Hatumjibu kwa mzaha. Tronsoneze ikipona, kila mtu anaitaka: mwenye kufungua shamba jipya, mfanyabiashara wa mbao, na wale wenye silaha ambao hawaombi bali wanachukua. Kwa hao wa mwisho tuko na dawa ndogo: mashine iliyofunguliwa vipande na kulala katika nyumba nne mbalimbali haivutii mtu. Tutaifunga siku ya kazi na kuifungua jioni. Ni kazi ya saa moja kwa mwenye kuizoea, na sisi tunaipenda.

Kwa wengine, tunapendekeza mashine isikodishwe kamwe. Iwe ya kazi za kooperative na za wamemba tu: mbao za depo, vitanda vya kuanikia, daraja, madawati, miti iliyoanguka, na miti ambayo mtu aliipanda mwenyewe, ekaliptisi na grevilea. Sheria ya misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002 inaomba ruhusa kwa mwenye kukata miti ya msitu kwa biashara, na sisi hatuna hiyo ruhusa wala hatuitafuti. Kila siku ya kazi iandikwe katika kaye: mti gani, shamba la nani, mbao ngapi. Kaye ishikwe na mama mmoja wa komite. Huyu aliyesimama angefaa.

Tena mashine yenye kutunzwa inakula mti kidogo kuliko isiyotunzwa. Kila mpasuo wa tronsoneze kubwa unageuza karibu sentimeta moja ya mti kuwa unga. Pasua mara kumi, umekula sentimeta kumi, ni kusema mbao tatu nyembamba. Mnyororo butu unaenda upande, ubao unatoka mnene hapa na mwembamba pale, na nusu inakuwa kuni. Tupa moja ya duara na mtu anayejua kuishika vinaokoa miti.

Meno ya huo mnyororo yako na hadithi yake. Mwaka 1946, kule Oregon nchini Marekani, mkata miti Joseph Buford Cox aliona funza wa mdudu akitafuna kisiki. Funza hakukwaruza, alikata kwa taya, kushoto na kuume, akaenda mbele katika mti mgumu kama mtu anayetembea. Cox akatengeneza meno ya mnyororo kwa kufuata taya zile, na mpaka leo minyororo ya dunia nzima inafuata wazo lake. Ule funza anafanana kidogo na mpose tunayekula sisi. Kila mara tunapopiga tupa, mmoja wetu anakumbusha habari hii na kusema ni njaa tu iliyotuzuia kuvumbua kitu, ju sisi tulipomwona mdudu tulimkaanga.

Tunachoomba kwa mkutano ni kidogo. Mashine zibaki. Kese itoe makuta ya buji mbili, membrani ya karburateri, segmenti za mashine moja na tupa mbili, vya kununuliwa Butembo ama Goma na mmemba anayesafiri kwa shughuli zake. Na oili ya kweli: mota hizi za zamani zinataka mililita 200 za oili katika lita 5 za esanse, isipungue. Mashine moja ikiwa haijapasua ubao mpaka mwisho wa msimu wa maharagi, mnunuzi aitwe, na sisi wenyewe tutamsaidia kupakia, tukiisha kutoa vile vya magnesiumu.

Wakati tunangoja kura, kila mmoja aangalie nyuma ya nyumba na chini ya kitanda. Tunatafuta puli ya kamba ya kuwashia ya 070 na springi yake, hata zenye kutu. Mwenye nazo azilete Siku ya Mungu kisha ibada, pale chini ya barza.