Ukarabati usiwafukuze watu barazani

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo ilinijia hivi majuzi nilipofika Sindo, mji mdogo ulio ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali rafiki yangu. Familia yake ina duka la zamani lenye kuta za udongo, paa la mabati na baraza pana mbele.

Nilimkuta akivutana na mamake. Alitaka kuiondoa baraza na kuusogeza ukuta hadi ukingoni mwa barabara, apate chumba cha pili cha kukodisha.

"Mvua ikinyesha, watu watasimama wapi?" mama aliuliza.

"Mama, mvua hailipi karo," mwana akajibu.

Tusimcheke yeyote, msomaji. Mwana ana watoto shuleni na kodi ya chumba ingemfaa. Lakini mama naye ameketi hapo miaka mingi. Fundi wa cherehani ameweka meza yake barazani, wachuuzi wa omena hutua mizigo yao hapo, na jua la mchana likichoma, wapita njia hujikinga. Hakuna anayelipa, ila ni nadra mtu aondoke bila kununua angaa kipande cha sabuni.

Usidhani haya ni mambo ya Sindo pekee. Nawe unayetembea Biashara Street jijini Nairobi, au Oginga Odinga Street kule Kisumu, hebu jiulize ni mara ngapi umejikinga mvua chini ya paa la duka ambalo hukununua kitu. Baraza ni mali ya mwenye jengo, lakini kivuli chake ni cha mtaa mzima. Kila mwenye duka akisogeza ukuta mbele hatua tatu, anayetembea kwa miguu husukumwa barabarani apigane na bodaboda na matatu.

Kuna jambo la pili. Wengi wetu tukiona ukuta wa udongo umepasuka, dawa tunayoijua ni saruji. Saruji ni ngumu, nao udongo huvuta maji na kuyatoa. Ukiufunika kwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, na baada ya misimu michache plasta huanza kubanduka, pengine na udongo wenyewe. Huko Lamu, mji wa kale uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kuta ni za matumbawe na chokaa. Nazo huumia vivyo hivyo zikirekebishwa kwa saruji. Ukuta hutibiwa kwa kitu kinachofanana nao.

Hata karibu na Sindo somo hilo lipo. Katika Kaunti jirani ya Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe linaloaminika kujengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na hazikuunganishwa kwa udongo wala saruji. Mawe yamepangwa kwa ustadi, kubwa kwa dogo, yakashikana yenyewe. Jamii moja ilihama, nyingine ikaingia, na waliokuja walizitengeneza kuta kwa mtindo ule ule wa waliotangulia. Mwaka 2018 UNESCO ikalitambua boma hilo kuwa Urithi wa Dunia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao waliuziba kwa jiwe.

Duka la rafiki yangu halitaingia katika orodha yoyote. Sheria ya nchi ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi hulinda majengo yaliyotangazwa rasmi, lakini maduka mengi ya miji midogo hayamo. Hatima yake huamuliwa na mama na mwana wakiwa barazani.

Nilipoaga, wawili hao walikuwa nyuma ya duka wakipima uwanja kwa kamba. Chumba cha nyuma hakitaleta kodi sawa na cha mbele, na mwana alilijua hilo. Hata hivyo alishika ncha moja ya kamba, mamake akashika ya pili.

Nawe mwanafunzi, likizo ijayo ukienda nyumbani, piga picha ya mtaa wa maduka kabla haujabadilika. Kisha muulize nyanya au babu nani alikuwa akikaa wapi. Na wewe mzazi unayekusudia kukarabati, kabla hujamwita fundi, keti kwanza nje ya jengo lako kutwa nzima uone ni nani hulitumia.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.